Madebe Ishirini na Manne

Nyumba yetu haikujua kupika kidogo. Mama yangu, Buakhiao, ukimwambia apike chakula cha watu wawili alikuwa anakutazama kana kwamba umemwomba amshonee kuku shati. Kila mwaka mvua zilipokolea na mianzi ya mlimani ikaanza kutoa machipukizi, tulipika ya mwaka mzima kwa siku mbili. Tulimenya, tukachemsha mara ya kwanza kutoa uchungu, tukayapanga kwenye madebe ya bati ya lita ishirini na kumimina maji mpaka juu. Kisha madebe yalisimamishwa sita sita ndani ya tangi la chuma alilotuachia marehemu baba, maji yakitokota na moto mkali chini. Muda ukitimia, mume wangu Inson aliziba kila debe kwa lehemu likiwa bado linafuka mvuke. Debe lililozibwa vizuri lilikaa chini ya nyumba mpaka mvua za mwaka unaofuata, na siku ya wageni hakuna aliyehangaika.

Muda wenyewe mama aliupima kwa vijiti vya udi. Saa ya ukutani alikuwa nayo, ila hakuiamini. Alichomeka kijiti kwenye kopo la mchanga, kikiungua chote anawasha cha pili, halafu cha tatu. Vijiti vitatu kwa kila mzunguko, mizunguko minne, madebe ishirini na manne.

"Ukiharibu sufuria tunalala njaa siku moja," alikuwa anatuambia mimi na mdogo wangu Noichan tangu tukiwa watoto. "Ukiharibu debe umewaharibia watu mwaka, tena watu ambao hata hawapo hapa kukuona."

Sisi tulikuwa tunabinua midomo. Mama alipenda kuhubiri kuliko watawa wa hekaluni.

Mwaka ninaousema, mzunguko wa nne uliniangukia peke yangu. Mama alikuwa amejilaza ndani, mgongo umemkaba. Noichan alisema anakwenda kuchukua chumvi saa sita mchana, na mpaka saa tisa chumvi ilikuwa haijafika. Nilijua alipo. Alikuwa ng'ambo ya kijito kwa kijana mmoja anaitwa Uthen, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfichia kwa mama miezi mitatu mizima. Mvua ilikuwa inapiga kwa upande, kuni zimelowa, moto unatoa moshi tu. Mikono yangu ilikuwa imechanika kwa kumenya. Nilikuwa na hasira, na sijui kulisema hilo kwa namna ya kunipendezesha: nilikuwa na hasira na mdogo wangu, nikaimalizia kwenye madebe.

Kijiti cha kwanza kiliungua chote. Cha pili kilipofika nusu, maji yalikuwa yanatoa vipovu vya hapa na pale tu. Nikakichomoa, nikakizika mchangani, nikamwita Inson.

"Tayari?" akauliza.

"Ziba bwana, nimechoka."

Mama akajikongoja hadi ngazini. "Vitatu vimekwisha, Fongkaew?"

"Vimekwisha, mama."

Mchangani mlikuwa na mabaki ya vijiti vya mizunguko iliyotangulia, nani angehesabu. Inson akaziba, akayabeba yale sita chini ya nyumba, akayachanganya na kumi na nane ya kwanza. Baada ya hapo hata mimi mwenyewe nisingeweza kukuonyesha lipi ni lipi.

Mwezi wa kwanza, baridi ilipokuja na mavuno yakaisha, tukapeleka mchele mpya hekaluni kama kila mwaka. Nyumba yetu ilitoa debe moja. Wanawake walikuwa na haraka, hakuna aliyewasha moto kwa ajili yake. Tuliyakata machipukizi vipande, tukayapanga kwenye sinia pamoja na pilipili ya kutwanga, watu wakawa wanachovya na kula na wali wa kunata. Mzee Nan Tan, aliyewahi kuwa mtawa na ndiye aliyetuongozea sala miaka yote, alirudia mara mbili.

"Buakhiao," alimwambia mama, mdomo umejaa, "ukifa uniachie haya madebe."

"Utakufa wewe kwanza, mzee mlafi!"

Watu wakacheka sana. Sisi tuliokuwa tunaandaa sinia tulifika mwisho, tukakuta yamekwisha.

Kesho yake asubuhi Nan Tan aliamka anaona kila kitu viwili viwili. Alitapika kidogo, akatulia, halafu kope zikamwangukia, haziinuki. Hadi mchana watu watano walikuwa hivyohivyo. Mdomo mkavu, maneno yanaburuzika, maji ukimpa yanatokea puani. Hakuna aliyekuwa na homa. Akili zao zilikuwa timamu, hilo ndilo lililotisha kuliko yote, unamwita mtu na unaona kabisa anakusikia.

Nilisaidia kumbeba binamu yake mama, Bualai, hadi zahanati. Muuguzi alikuwa msichana mgeni, hana hata mwaka kwetu. Alimfungua Bualai kope kwa kidole, akaniuliza, "Jana mlikula nini?"

"Chakula cha hekaluni."

"Chakula gani?"

"Wali. Samaki. Mboga."

"Mboga gani, dada?"

"Mboga mboga tu. Za kila siku."

Aliandika. Nilimwona anaandika. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba sikujua, maana wengi wamenionea huruma kwa kusema hivyo. Niliyakumbuka yale madebe sita tangu niliposikia Nan Tan ametapika. Ila nilijiambia chakula kibaya huharisha, chakula gani hicho kinachoangusha kope? Nikajikaza. Na mtu akishaanza kujidanganya, maneno hayamwishii.

Siku ya tatu alfajiri Nan Tan akafa. Pumzi ilimwishia polepole, macho yamefumba, mwanawe amemshika mkono. Wanne waliobaki wakapelekwa hospitali kubwa kwa gari la halmashauri, na huko nako mwanzoni walikuwa wanahangaika kujua ni kitu gani.

Kijijini kwetu hawakuhangaika. Bi Saeng, mpiga ramli, alikuja kwetu asubuhi hiyohiyo na kibakuli chake cha mchele, kwa sababu watatu kati ya wagonjwa walikuwa wa ukoo wetu na mama ndiye mtunza kibanda cha mizimu. Alifinya punje, akahesabu, akarudia. Kila alipouliza kama kuna mwanamke wa nyumba hii aliyekosea, punje zilikubali.

Kwetu msichana akishikwa mkono na mwanamume kabla mizimu haijapewa chake, aliyekosewa ni ukoo mzima, na ugonjwa unaweza kumpata yeyote. Watu wote sebuleni wakamgeukia Noichan. Ni yeye tu aliyekuwa hajaolewa.

"Ni kweli?" mama akamuuliza.

Noichan alinitazama mimi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu na hakuwa na uso wa kuficha kitu.

"Ni kweli, mama. Uthen."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

Shangazi mmoja akapiga kofi sakafuni. "Umemuua Nan Tan kwa ajili ya mapaja yako!"

"Shangazi, mimi sikujua kama—"

"Hukujua! Ulipokuwa unavuka kijito hukulowa?"

Mdogo wangu akaanza kulia, na mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Nilichokisikia moyoni nitakisema kilivyo. Nilisikia nafuu. Nilijiambia, kumbe si madebe. Kumbe ni yeye, na siku ile ya chumvi alikuwa huko huko.

Mama hakupiga kelele. Aliagiza kuku wawili, maua, mishumaa, na chakula cha kula pamoja mbele ya kibanda mchana huohuo, kabla mwingine hajafa. Desturi ni kwamba aliyekosea anapiga magoti, anaomba radhi, kisha anaonja kila sahani wa kwanza, mtunza kibanda anafuata, halafu mkosaji anamtilia kila ndugu kipande mkononi. Ndugu akila, amesamehe.

"Inson, fungua debe," mama akasema.

Inson alilitoa moja chini ya nyumba, akalipasua. Nilisogea kunusa. Lilinuka kama yote, uchachu kidogo na bati. Halikuwa limevimba. Nikasema, "Mama, leo baridi kali. Tuyafanye supu."

"Supu ya nini?"

"Watu wapate moto tumboni."

"Fongkaew, mizimu haijawahi kupewa supu hapa. Ni ya kuchovya, kama alivyofanya bibi yako."

"Mara moja tu, mama."

"Na wewe leo una nini? Nina mmoja wa kunitia aibu, sitaki wawili. Leta kisu."

Nikaleta kisu. Kwa mikono yangu niliyakata vipande na kuyapanga kwenye sinia, marefu chini, mafupi juu. Nikijiambia: ni debe moja kati ya ishirini na tatu, na mabaya ni sita tu, tena labda hata si mabaya.

Tulikaa kwenye mikeka nyuma ya nyumba, ukoo mzima, watu kama kumi na wanne. Noichan alipiga magoti kwenye udongo, nywele zimefunguliwa, sinia la maua kichwani. Alisema maneno yote bila kukosea. Kisha akaonja, kuku, wali, pilipili, machipukizi. Vipande vitatu, maana alikuwa hajala tangu asubuhi. Mama akafuata, naye akala kwa kushiba kama alivyozoea kula vitu alivyopika mwenyewe.

Mimi nikawa natazama mdomo wa mama unavyotafuna. Nilitaka kusema. Lakini kila nilipoufungua mdomo niliona nyuso zile zote zikinigeukia jinsi zilivyomgeukia Noichan.

Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo Noichan alianza na mimi. Alikuja kwa magoti, akachukua kipande cha chipukizi, akakiweka kwenye kiganja changu na kukifunga kwa vidole vyake.

"Dada Fong, nisamehe," alisema. "Nimekufanya umwongopee mama kwa ajili yangu miezi yote ile. Nisamehe."

Nilikitupa kile kipande kama kaa la moto.

"Msile!" nilipiga kelele. "Msile, msiguse! Temeni!"

"Amepandwa na nini huyu?" shangazi akauliza.

"Ni madebe. Si Noichan, ni madebe. Mama, siku ile ya mvua sikuchoma vitatu."

Mama alikuwa ameshika tonge la wali. Hakuliweka chini. "Ulichoma vingapi?"

"Kimoja na nusu."

"Na Nan Tan..."

"Ndiyo, mama."

Nilitegemea anizabe kofi, nalingoja mpaka leo. Aliweka tonge kwenye sahani, akajitia vidole kooni palepale mbele ya kibanda, akamshika Noichan kichwa na kumtapisha naye kama mtoto mchanga. Walitapika walivyoweza. Halafu mama akafuta mdomo, akamwambia Inson achimbe shimo na amwage yote.

"Yote, mama? Mengine ni mazima," Inson akasema.

"Utayajuaje?"

Mama alisimama hapo hapo na shoka mpaka debe la mwisho. Yote ishirini na mbili, pamoja na yale yaliyobaki kwenye sinia. Alikuwa anahesabu kwa sauti. Alipofika kumi na saba nilimwona anafikicha jicho, lakini ilikuwa bado mapema mno, nadhani alikuwa analia tu.

Jioni mama na Noichan walikuwa wote wawili hospitalini. Sasa mimi ndiye niliyekuwa nasema, nilimsimulia kila mwenye koti jeupe, hadi mfagizi. Kwa maelezo yangu ndipo walipojua sumu yenyewe ni ipi, na dawa yake ikaagizwa kutoka mbali, ikafika siku ya tano. Mashine za kupumulia zilikuwa chache. Bualai alifariki akiisubiri dawa. Mama aliipata, ila kifua chake kilikuwa kimechoka, siku ya tisa akatutoka. Noichan alikaa kwenye mashine miezi mitatu, bomba kooni, kope zimebandikwa kwa plasta ili apate kuona, akili timamu muda wote.

Daktari wake alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Siku moja aliniketisha kwenye benchi la nje.

"Nasikia unasema umewaua kwa kupunguza muda," alisema.

"Si ndivyo?"

"Hata hivyo vijiti vyenu vitatu visingetosha, dada. Mbegu za hiki kidudu zinachemka saa nyingi na hazifi. Ndani ya debe lisilo na hewa zinaamka, zinatengeneza sumu. Miaka yote hiyo mlikuwa na bahati tu. Huenda debe hilo lilikuwa hata la mzunguko wa mama yako."

Nilimtazama nikidhani ananifariji kwa uongo. "Kwa hiyo ingefanyika nini?"

"Sumu yenyewe ni dhaifu kwa moto. Mkifungua debe mnachemsha tena vizuri, dakika kumi na zaidi, ndipo mle. Kama mngeyafanya supu tu, pengine wangekula na wasipate kitu."

Nilianza kucheka. Daktari aliita wauguzi wawili wakanishika.

Siku hizi kijijini wanafundisha hivyo, na wanawake wa pande zetu wanatia ndimu na kuchemsha mara mbili. Afisa wa afya akija huniomba nisimame niwaeleze wenzangu, nami nasimama. Watu hunipigia makofi. Wanasema Fongkaew ni jasiri, alikiri mbele ya ukoo mzima. Wanayo hesabu nzuri ya siku ile: nilijua pale pale kwenye mkeka, nikapiga kelele, nikaokoa watu kumi na wawili. Inson mwenyewe anaamini hivyo. Sijawasahihisha.

Noichan tulimrudisha nyumbani mwezi wa nne, joto limepanda. Uthen alikuja mara mbili, mara ya tatu akamtuma dada yake, basi. Mdogo wangu alilazwa pale pale sebuleni. Sauti ilikuwa imeanza kumrudia, ya pumzi tupu, inabidi umsogezee sikio. Mikono ilikuwa haijapata nguvu ya kunyanyua hata kijiko. Nilimlisha, nilimwosha, nilimsugua miguu, na kila baada ya saa mbili nilimgeuza ili asitoke vidonda mgongoni. Alikuwa ananishukuru. Kila nikimaliza alikuwa ananishukuru, na ningeona afadhali aniteme mate.

Siku moja mchana nilikuwa nampangusa uso akanitazama muda mrefu, kope zake nusu wazi kama zilivyobaki mpaka leo.

"Dada."

"Naam."

"Ulitaka tufanye supu."

Nilishika kitambaa bila kujua nikipeleke wapi. Ningeweza kumjibu kwamba ilikuwa baridi. Angeniamini, kwa sababu alikuwa anataka kuniamini, nilimwona usoni.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Siku ya pili. Pale zahanati, nilipoulizwa tumekula nini."

Alivuta pumzi mara kadhaa, maana sentensi moja ilimgharimu. "Kabla sijapiga magoti."

"Kabla."

"Shangazi aliponitukana ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, Noichan."

Hakulia. Machozi yenyewe yalikuwa hayajarudi, macho yake tulikuwa tunayatia dawa ya matone. Alihangaika, shingo ikamtetemeka, bega likainuka kidogo tu na kurudi chini. Nilichelewa kuelewa anajaribu kufanya nini.

"Nigeuze," akasema. "Ukutani."

Nilipitisha mkono mmoja chini ya bega na mwingine chini ya nyonga, kama walivyonifundisha hospitali, nikamgeuza akanipa kisogo. Nikamwekea mto mgongoni asije akarudi mwenyewe upande wangu. Alikuwa mwepesi sana. Kisha nikakaa sakafuni nyuma yake. Saa mbili zilipotimia ilinibidi nimgeuze tena, na nilipomleta upande wangu akafumba macho.